Maji ya Watu wa Juu

Ada ya mwaka wangu wa kwanza wa shahada ya uzamili ililipwa na nguzo za umeme. Sisemi kwa mafumbo. Baba aliuza milingoti sitini na tatu iliyokuwa bondeni nyuma ya nyumba ya bibi. Wanunuzi walikuja na lori kutoka Makambako, wakaipima kwa kamba, wakaikataa iliyopinda, wakalipa taslimu. Wiki mbili baadaye nilikuwa nimesajiliwa chuoni kusoma usimamizi wa rasilimali za maji. Nikiwasimulia wenzangu darasani hucheka mpaka machozi, kwa sababu wanajua, kama ninavyojua mimi, mlingoti unakunywa maji kiasi gani.

Bonde lile zamani halikuwa la miti. Lilikuwa kinyungu cha bibi. Kwa asiyetoka Njombe au Iringa, vinyungu ni mashamba ya bondeni yanayolimwa wakati wa kiangazi, wakati mashamba ya mlimani yamekauka na hakuna anayetegemea mvua. Unageuza udongo pamoja na majani yake, unayafukia ndani ya tuta, unachimba vifereji kati ya tuta na tuta ili maji yapungue bila kuisha. Bibi alipanda mahindi mwezi wa nane, na Krismasi tulikuwa tunachoma mabichi wakati majirani wasio na bonde ndio kwanza wanapalilia. Alipanda maharage, kabichi, viazi. Sehemu moja tu hakuigusa: jicho la chemchemi, lililozungukwa na mivengi mitano mikubwa. Sisi watoto tulikatazwa hata kuvunja kijiti pale. Hakutueleza sababu. Alisema tu kwamba pale si petu.

Mwaka 2010 tangazo lilisomwa kwenye mkutano wa kijiji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji. Bibi akarudi nyumbani akiwa kimya. Baba akarudi akiwa na wazo. Alisema jembe limekatazwa, lakini mti haulimwi. Msimu huohuo akaleta miche ya mlingoti, akaipanda kuanzia ukingo wa juu wa kinyungu mpaka karibu na mivengi. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na nilibeba miche kwa beseni. Hilo nalikumbuka vizuri zaidi ya yote, kwa sababu nilijivunia kazi ile.

Septemba 2024, mwaka wangu wa kwanza ulipokwisha, tulipanga safari ya Ihefu. Tulikuwa wanne. Wenzangu watatu walikuwa wanatoka Morogoro. Mimi nilikuwa likizo nyumbani. Rasmi nilikuwa natafuta mada ya tasnifu. Ukweli ni kwamba nilitaka kuona wanyama. Nimezaliwa nchi ambayo watu huvuka bahari kuja kuitazama, na mpaka nafikisha miaka ishirini na sita mnyama wa porini mkubwa kuliko wote niliyewahi kumwona kwa macho yangu alikuwa ngedere.

Baba alinisindikiza mpaka stendi ya Njombe, alfajiri, ukungu ukiwa bado umelala juu ya mabati. Tukiwa tumesimama pale aliniambia kwamba mnunuzi amepiga simu. Nusu ya chini ya bonde, ile iliyo karibu na maji, imefikia kimo. Itakatwa Novemba, na hiyo ndiyo ada yangu ya mwaka wa pili.

"Na visiki?" nikauliza.

"Visiki vitachipua, mama. Kama vya juu vilivyochipua. Hayo machipukizi ndiyo ya mdogo wako."

Mdogo wangu yuko kidato cha tatu. Ana akili kuliko mimi, na baba anajua. Sikusema kitu. Nikapanda Kosta.

Kutoka Njombe hadi Makambako ni kilomita kama sitini, na barabara nzima ni somo la miti. Misindano, miwati, milingoti, sasa na miparachichi iliyopangwa safu kwa safu. Makambako penyewe ni mji wa upepo na njia panda: barabara ya Songea inakutana pale na barabara kuu ya kwenda Zambia, na reli ya TAZARA inapita jirani. Malori yanayokwenda Tunduma hupumzika, abiria huteremka na kupanda, na nguzo za umeme hulala kando ya barabara zikiwa zimerundikwa kama njiti za kibiriti. Nilizitazama nikiwa nimeshika kikombe cha chai ya tangawizi. Nilijua haziwezi kuwa zetu, zetu zilikwisha ondoka mwaka mmoja uliopita. Hata hivyo nilizitazama moja moja, nikitafuta sijui alama gani.

Kijiji chetu kiko upande wa Wanging'ombe, na jambo hilo lina maana kuliko nilivyodhani nikiwa mtoto. Maji ya Njombe mjini huingia Mto Ruhuji na kuelekea Kilombero. Ya kwetu hushuka upande wa pili. Yanaingia Mto Mbarali, Mbarali unakatiza barabara kuu pale Igawa, kisha unatandaa kwenye tambarare ya Usangu, na chini ya Usangu ndiko iliko Ihefu. Kwa hiyo safari yangu ya siku ile, basi likiteremka kutoka Makambako huku abiria wakivua makoti mmoja baada ya mwingine, ilikuwa safari ileile inayosafiriwa na maji ya kinyungu cha bibi. Tofauti ni kwamba mimi nililipa nauli.

Nilishuka njia panda ya Rujewa saa sita mchana. Joto lilinipokea kama mlango wa tanuri. Wenzangu wakapiga simu: basi lao limeharibika kabla ya Iringa, watafika usiku. Nikatafuta gesti, nikaacha begi, nikamwomba kijana wa bodaboda anizungushe nikaone mifereji ya mpunga upande wa Ubaruku. Alinitazama kidogo.

"Dada, watu hulipa kwenda kuona tembo. Wewe unataka kuona mfereji?"

"Tembo ni kesho."

Akacheka, tukaondoka. Mpunga ulikuwa umevunwa, mabua yamebaki, ng'ombe wakitembea juu yake. Lakini mifereji mingi ilikuwa bado na maji. Mwishoni mwa Septemba, wakati mvua ya mwisho imekuwa hadithi, maji yalikuwa yanachepushwa mtoni na kupita taratibu kando ya mashamba yaliyokwisha vunwa. Mahali pengine wanawake walikuwa wanafua. Pengine kijana alikuwa anafinyanga matofali. Pengine palikuwa na bustani ya nyanya. Pengine maji yalikuwa yanamwagika tu barabarani na kuishia kwenye dimbwi lenye bata.

Nilikuwa nimesoma juu ya jambo hilo. Mgao wa umeme ulipoiumiza nchi miaka ya 1990, watu walitafuta wa kumlaumu, na vidole vilielekea Usangu. Maji ya Ruaha Mkuu hutoka hapa, hupita Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, hujaza bwawa la Mtera, kisha Kidatu. Tangu mwaka 1993 mto huo, ambao zamani haukujua kukauka, umekuwa ukikatika ndani ya hifadhi karibu kila kiangazi. Wafugaji wakasemwa sana. Lakini mradi wa utafiti wa SMUWC, uliofanyika Usangu kati ya 1998 na 2001 kwa fedha za Uingereza, uliona kwamba sababu kubwa ni maji yanayochepushwa na mifereji wakati wa kiangazi, si ng'ombe. Wakati maji mtoni ni kidogo kabisa, ndipo kila mfereji unapochukua kidogo chake.

Nilimweleza yule kijana hayo yote tukiwa tumekaa ukingoni, kwa lugha ya mtu aliyetoka kufanya mtihani. Alisikiliza huku akitafuna muwa. Nilipomaliza akasema:

"Mimi nilizaliwa humo mnakokwenda kesho."

Nikanyamaza.

Ni Msukuma. Wazazi wake walifika Ihefu na ng'ombe kabla yeye hajazaliwa. Eneo hilo lilitangazwa kuwa pori la akiba mwaka 1998, mwaka uleule aliozaliwa yeye, na ule niliozaliwa mimi. Mwaka 2006 operesheni ya kuwaondoa wafugaji ilipoanza, alikuwa na miaka minane. Alikumbuka vumbi, na mama yake akifunga vyombo kwenye kitenge. Alikumbuka ng'ombe wakipakiwa kwenye malori. Baba yake alikwenda nao Lindi, kama wengine wengi. Wengi wa wale ng'ombe, alisema, hawakufika, na waliofika hawakuzoea. Mama akabaki Rujewa kwa ndugu, na yeye akabaki na mama. Mwaka 2008 Ihefu ikaunganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na hifadhi ikawa na zaidi ya kilomita za mraba 20,000, kubwa kuliko zote nchini kwa wakati ule.

"Tukaondoka," akasema. "Mto ukarudi?"

Nikamwambia haukurudi kama ulivyotarajiwa.

"Sasa, hapa katikati wakulima wapo, wana mifereji yao, wana vyama vyao. Chini kule sisi tuliondolewa." Akatema kipande cha muwa. "Na nyie wa juu? Nyie mliondolewa lini?"

Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua ratiba ya basi. Nikajibu kwamba kule juu ni milimani, watu wapo tangu enzi za mababu, na utafiti haukuona kwamba shughuli za milimani ndizo zilizokausha mto. Yote ni kweli. Nilisikia sauti yangu ikisema kweli hiyo, na sikuipenda. Milingoti ya baba haijaukausha Ruaha. Robo tatu ya eka ya miti katika bonde la mita za mraba mamilioni na mamilioni. Ningeweza kuipiga hesabu kwenye simu yangu pale pale na jibu lingekuwa na sifuri nyingi kabla ya kufika kwenye namba. Lakini nyanya za yule mama wa kando ya mfereji nazo zina hesabu yake. Matofali nayo. Ng'ombe wa baba yake, kama angepewa kalamu, nao wangekuwa na hesabu yao. Sijakutana na mtu yeyote katika bonde lile lote ambaye sehemu yake ni kubwa kiasi cha kumtosha kulaumiwa.

Nilichukua namba yake ya simu, kwa ajili ya siku ya kurudi. Wenzangu walifika saa nne usiku, wamechoka na wamekula mahindi ya kuchoma tangu Iringa.

Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri kwa Land Cruiser ya kukodi. Kiingilio cha Mtanzania si tatizo, unapewa kumbukumbu namba, unalipa kwa simu; kinachoumiza ni gari na mafuta, na tulikuwa tumechangishana kwa miezi mitatu. Njia ilikuwa vumbi la kijivu, kisha vichaka vya miiba, kisha mbung'o. Mbung'o wa Usangu hawakubali kitambaa. Mwenzetu mmoja, mtu wa Tanga, aliapa kwamba hataandika tasnifu inayohitaji kutoka nje ya maktaba.

Kwenye kituo tulimchukua askari wa hifadhi, mtu wa makamo mwenye sauti ya chini, aliyetuita "wadogo zangu" tangu dakika ya kwanza. Akakaa mbele na bunduki katikati ya magoti. Baada ya saa moja vichaka vikaisha ghafla, kama mtu aliyevuta pazia.

Nilikuwa nimeona picha za setilaiti za Ihefu mara nyingi kuliko picha za harusi ya wazazi wangu. Kwenye picha ni doa la kijani. Hakuna picha iliyoniambia kwamba ina sauti. Kabla sijaona maji niliyasikia: ndege, kwanza kama soko lililo mbali, halafu karibu, kila mmoja na bei yake. Yangeyange walikuwa wamesimama wima katika majani. Mwari walielea kwa kundi. Korongo wenye mataji ya dhahabu walitembea wawili wawili kwa hatua za watu wanaokwenda kanisani na hawataki kuchafua viatu. Juu ya mti mkavu furukombe alirusha kichwa nyuma na kulia, na sisi wote wanne, wanafunzi wa uzamili, tukasema "aaa" kama watoto wa chekechea.

Kisha nyamera. Askari alimwonyesha kwa kidevu. Alikuwa amesimama juu ya kichuguu, peke yake, rangi ya udongo uliolowa, mapaja yana mabaka meusi yenye wino wa zambarau na miguu ya chini ni ya njano, kana kwamba alivuka matope ya rangi mbili. Wengine walikuwa chini wakila, labda arobaini. Yeye alikuwa zamu. Hakutukimbia. Alitutazama kwa muda mrefu, uso wake mrefu ukiwa na huzuni ya mwalimu mkuu, kisha akageuza macho kwenda upande mwingine kwenye jambo lililomhusu zaidi.

Sijui niseme nini juu ya dakika zile isipokuwa kwamba nililia kidogo, nikasingizia vumbi. Nilikuwa nimetumia mwaka mzima nikiijua sehemu ile kwa mita za ujazo kwa sekunde. Hakuna mtu aliyekuwa ameniambia kwamba maji yale yana mwenyewe, na kwamba mwenyewe anasimama juu ya kichuguu anaangalia nani anakuja.

Mchana tulikaa chini ya mti, mbali kidogo na ukingo kwa sababu ya mamba. Viboko walikuwa wanakoroma mahali tusipowaona. Askari akachukua sahani yangu ya bati, akamimina maji ya kunywa humo, akaiinamisha kidogo.

"Ihefu ndiyo hii," akasema. "Mito ya Usangu yote inaingia huku. Hapa," akagusa ukingo wa sahani, "ni Ng'iriama. Ni mwamba tu. Maji yakifika juu ya mwamba, yanapita, mnaita Ruaha Mkuu. Yakishuka chini ya mwamba hata kwa kidole kimoja, hayapiti. Sisi huku mnaona bado tuna maji, ndege wapo, nyamera wapo. Lakini huko mbele mto umekata."

"Kwa sasa yanapita?" akauliza mwenzangu wa Tanga.

Askari akaweka sahani chini. "Kwa sasa hayapiti."

Hilo nalo nilikuwa nimelisoma. Lakini kwenye kitabu kimo cha mwamba ni mstari kwenye grafu. Pale, kilikuwa kidole cha mtu mzima kwenye sahani yangu ya wali. Kidole kimoja. Nikafikiria mifereji ya jana, kila mmoja unachukua kidogo, na jua linalochukua chake bila kuomba ruhusa. Kati ya kinachopita na kisichopita kuna kidole, na kila mmoja wetu anashika sehemu ya kidole hicho isiyoonekana kwa macho. Hesabu yangu yenye sifuri nyingi ilikuwa sahihi, ila siku hiyo sikuweza tena kujificha nyuma yake. Kwenye ukingo, kidogo ndicho kinachoamua.

Nilimuuliza askari kama anawakumbuka watu waliokuwa wakiishi humu. Alikaa kimya mpaka nikadhani hakusikia. Kisha akasema kwamba alikuja kazini baadaye, lakini akipiga doria wakati mwingine hukuta mawe matatu ya jiko, yamepangwa vizuri, na majani yameota katikati. "Huwa siyapigi teke," akasema. Sikumuuliza zaidi.

Nilirudi nyumbani siku tatu baadaye. Bibi alikuwa amekaa nje kwenye jua, macho yake hayaoni vizuri siku hizi, lakini alinijua kwa hatua. Tukasalimiana, kamwene na kamwene, akataka habari zote kwa mpangilio: barabara, joto, chakula, wanyama.

"Nimemwona nyamera, bibi."

"Analiwa?"

"Bibi, ni hifadhini. Hairuhusiwi."

"Sikuuliza kama inaruhusiwa. Nimeuliza kama analiwa."

Nikamwambia sijui, nadhani analiwa. Akaridhika. Kisha nikamweleza kwamba maji anayokunywa nyamera yanatoka huku kwetu, yanapita Igawa, yanafika kule kwenye majani. Sikutegemea limshangaze, na halikumshangaza. Alifikiri kidogo.

"Basi anatudai," akasema, akainuka kwenda kuangalia chungu chake.

Jioni nilizungumza na baba. Nilikuwa nimepanga maneno yangu kutoka Rujewa mpaka Makambako, na kutoka Makambako mpaka nyumbani nikayapanga upya. Nilitaka bonde lote lirudi. Milingoti ya chini ikatwe, visiki vyote viuawe, vya juu na vya chini, mivengi ipandwe. Baba alinisikiliza mpaka mwisho. Ni mtu mwenye adabu, hakatizi.

"Sawa," akasema. "Na mdogo wako, ada yake atalipa kwa vyura?"

Nikacheka, ingawa sikutaka. Juu ya vichwa vyetu taa ilikuwa inawaka. Umeme uliletwa kijijini kwetu kwa nguzo za milingoti, pengine kutoka bonde la mtu kama baba, na sehemu ya umeme wenyewe inazalishwa na maji ya Ruaha pale Mtera na Kidatu. Mti unakunywa maji yanayozungusha mtambo, kisha unasimama kandokando ya barabara kubeba waya unaotoka kwenye mtambo huohuo, mpaka kwenye balbu ninayosomea juu ya maji. Nilitaka kumweleza baba hilo. Nikaona halitasaidia. Yeye analijua kwa njia yake: ana watoto wawili wa kusomesha na robo tatu ya eka.

Tulikubaliana kwa safu tatu. Safu tatu za chini, zilizo karibu na mivengi, zikikatwa visiki vyake havitaachwa kuchipua. Zilizobaki ni za mdogo wangu. Si mita 60. Nilipima mwenyewe, ni mita kumi na tisa. Kuua kisiki cha mlingoti bila dawa ni kazi ya kurudiarudia: unakata machipukizi, yanatoka tena, unakata tena, mpaka mizizi ichoke. Inaweza kuchukua miaka. Baba alisema kazi hiyo ni yangu, na kwamba siku nikiacha kuja, bonde litajua.

Miti ilikatwa Novemba. Ada yangu ya mwaka wa pili imelipwa, risiti ninayo. Krismasi nilishuka bondeni na panga, na visiki ishirini na sita vilikuwa vimeshajaa machipukizi mekundu, laini, yenye harufu ya dawa ya kifua. Bibi alitaka kuja. Mdogo wangu akamshika mkono, akamketisha juu ya kisiki kikubwa, na kutoka pale akawa ananielekeza, ingawa haoni: jicho lilikuwa hapa, si pale, sogea kulia, mfereji wangu mkubwa ulipita mbele yako. Nilichimba kwa jembe mahali aliponielekeza. Udongo ulikuwa mweusi, na ulikuwa umelowa, lakini mvua ilikuwa imenyesha usiku uliopita, kwa hiyo hiyo si dalili ya chochote. Mdogo wangu, ambaye sijui baba amemwambia nini na hajamwambia nini, alichukua panga mikononi mwangu nilipochoka, akamaliza safu ya pili.

Tukiwa bado bondeni simu yangu ikalia. Ilikuwa meseji ya yule kijana wa Rujewa, ambaye tangu Septemba hatukuwa tumewasiliana zaidi ya salamu za sikukuu. Alikuwa ametuma picha: daraja, na chini yake maji ya rangi ya chai ya maziwa, yamejaa, yamebeba matawi. Chini ya picha aliandika, "Mbarali leo. Hayo ni yenu?"

Nilifuta mikono kwenye kanga, nikamjibu kwamba huku kulinyesha jana usiku.